Safu ya Saba

Kule nilikosomea, mlima ulikuwa ghala.
Miezi mitano unapokea, hautoi,
nyeupe juu ya nyeupe,
hadi asubuhi moja ya Aprili hewa inavuka sifuri
na ghala linafunguka kwa tone.

Mwalimu alikuwa na kanuni ya mstari mmoja:
hesabu nyuzi zilizovuka sifuri,
zidisha kwa nne,
hizo ndizo milimita za maji
mlima utakazolipa mto leo.

Niliipenda kanuni ile kwa ubahili wake.
Haikuuliza jua, haikuuliza upepo.
Iligusa hewa tu, kama mzazi anayegusa paji la mtoto
na kujua usiku utakuwa mrefu.

Nikarudi nayo Mwanza.

Ofisi ya bonde, ghorofa ya pili, feni moja.
Programu tuliyopewa msaada ina safu kumi na mbili;
ya saba inaitwa Theluji.
Usipoijaza, mashine inagoma.
Simiyu: sifuri.
Magogo: sifuri.
Mbalageti: sifuri.
Miaka minne naripoti kila siku
kwamba theluji haijaanguka Usukumani.

Jumamosi moja nilishuka Kirumba, mwaloni,
kumnunulia mama dagaa,
nikakuta mlima.

Umelala chini ya turubai la bluu,
mapande kumi na manne ya barafu
yamefukiwa kwenye pumba za mpunga wa Magu,
na chini yake kijito, upana wa kidole,
kinapita kati ya magamba ya sangara
kikiulizia ziwa.
Nilichuchumaa. Nilikijua kijito kile.
Kilikuwa cha Aprili.

"Unanunua au unasali?"

Ng'wasi Lubinza. Hajafika thelathini,
simu kifuani, deni la kiwanda cha barafu kichwani.
Nikamwambia naweza kumtabiria pande lake.
Akatoa moja, akaliacha uchi juu ya kichanja.
"Elfu mbili," akasema. "Weka chini."

Nikatundika kipimajoto kwenye kivuli cha mizani.
Saa tano, nyuzi ishirini na saba.
Nikazidisha, nikagawanya, nikaandika kwenye kiganja:
litadumu hadi saa kumi.

Yeye hakutazama namba.
Alilowesha mkono hadi kiwiko, akaunyoosha kuelekea majini,
akasubiri ukauke.
Haukukauka.
"Saa nane haifiki.
Upepo umegeuka, unatoka ziwani, umebeba maji.
Hewa mbichi inakula barafu kuliko jua.
Hilo joto lako ni mpambe tu, bwana harusi hujamwona."

Saa nane kasoro robo
pande lilipasuka katikati, likapiga magoti
kama ng'ombe aliyekataa safari.
Nikalipa.

Jumatatu, ofisini, kabla wenzangu hawajafika,
niliandika safu ya saba:
Kirumba, milimita ishirini na mbili.
Mashine haikushtuka.
Haikuuliza theluji hiyo imetoka wapi.
Ilichora tu, pembeni mwa ziwa lote lile,
kinundu chembamba kuliko unywele.
Nikakitazama hadi nikasikia viatu kwenye ngazi.
Nikakifuta.
Kuna watu hupanda mpunga kwa kutazama mistari ile.

Sifuri.

Siku hizi naenda na daftari.
Napima unyevu, napima upepo,
namba zangu zinamkaribia, bado hazijamfikia.
Juzi, akifukia mapande mapya,
pumba zimemjaa kwenye nyusi,
aliuliza bila kuinua kichwa:

"Na huko ulikosoma, ule mlima
wanaufunika na nini?"

Nikasema hawaufuniki.

Akasimama, konzi ya pumba mkononi,
akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya duka
lililoachwa wazi usiku.

"Sasa si wanapata hasara?"